Usilipe hiyo prosesa kwanza

Swahiba wangu,

Salamu tele. Huku hatujambo, nyumba nzima, na shemeji yako anasema bado anakudai ile spika. Mengine ya kusalimiana tutayamalizia kwa simu, maana nimesoma orodha yako ya vipuri vya kompyuta ya kuchezea na kurushia gemu laivu jana usiku na leo nimeamka nayo kichwani. Tafadhali usilipe chochote kabla hujafika mwisho wa barua hii. Kama umeshalipa, basi nyamaza tu, usiniambie.

Umeandika prosesa mpya ya viini 8 (vile vipande vya ndani vinavyofanya kazi kwa pamoja), madabodi mpya, RAM mpya ya DDR5, kisha chini kabisa, kwa chenji itakayobaki, kadi ya grafiki, RX 6500 XT. Bwana wee! Nani kakupangia hivyo? Kama ni Kipara, mwulize lini aliwahi kurusha gemu laivu hata dakika tano. Yule kazi yake ni kununua chenye namba kubwa kwenye boksi.

Uliniuliza prosesa, lakini lazima nianze na kadi. RX 6500 XT haina enkoda ya video, kile kipande kinachobana picha ili iweze kurushwa. Sisemi iliyomo ni dhaifu, nasema haimo kabisa. Kwa hiyo ukifungua OBS, ile programu ya kurushia, uende laivu, kazi yote ya kubana inaiangukia prosesa, na prosesa hiyohiyo ndiyo inayoendesha gemu. Tena kadi hiyo inatumia njia 4 tu za PCIe, zile za kupitishia data kati ya kadi na madabodi, ambazo kwenye madabodi uliyonayo sasa, yenye PCIe 3.0, zinapungua kasi nusu. Anayecheza tu bila kurusha anaweza kuivumilia. Wewe unataka kurusha! Nahisi ndiyo maana ukaanza kuwaza viini 8: kadi imepungukiwa, basi prosesa ibebe mzigo wake. Hapo utakuwa umelipia shida ambayo ungeweza kutoinunua tangu mwanzo.

Sasa hivyo viini, maana ndivyo vilivyoninyima usingizi. Mashine yako ina Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017: viini 6, nyuzi 12 (yaani kila kiini kinashika kazi mbili kwa mpigo). Ryzen 5 5600, iliyotoka 2022, nayo ina viini 6, nyuzi 12. Kwa hesabu za Kipara hizo ni prosesa moja. Lakini yako inaishia GHz 3.6, na hii inafika 4.4, tena katika kila mzunguko inamaliza kazi nyingi zaidi. Halafu kuna kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Yako ina MB 16 za L3, ngazi kubwa ya kashe hiyo, ila zimegawanywa mafungu mawili ya MB 8, kila viini 3 na fungu lao, na kiini kikitaka data iliyo upande wa pili kinasubiri. Kwenye 5600 ni MB 32 kwa pamoja, viini vyote 6 vinachota humohumo. Gemu inaomba vitu vidogovidogo muda wote, huku na huku, na kila kisichopatikana kwenye kashe lazima kifuatwe kwenye RAM, ambayo ni mbali. Ndiyo maana prosesa ya 5800X3D ilivuma sana kwa wacheza gemu: viini 8 sawa na 5800X, kasi yake hata iko chini kidogo, lakini kashe ni MB 96. Kwa hiyo mtu akikutajia viini, mwulize na kashe. Na ukikuta 5500 inauzwa rahisi, usidhani ni 5600 iliyopunguzwa kidogo tu. Ile ina MB 16.

Halafu kuna jambo ambalo hukuligusa kabisa. 5600 inaingia kwenye soketi uliyonayo! Madabodi yako ya B450 ina soketi ya AM4, ileile ya 5600. Unasasisha BIOS (programu ya madabodi inayowasha mashine), unachomoa ya zamani, unachomeka mpya, RAM zako za DDR4 zinabaki palepale. Hata feni inakuja nayo kwenye boksi, wakati prosesa ya 5700X wanakuuzia bila feni. Ila BIOS uisasishe 1600 ikiwa bado imo ndani. Ukibadilisha prosesa kwanza, BIOS ya zamani haitaitambua mpya na utakaa unakodolea skrini nyeusi, kisha utanipigia mimi simu usiku wa manane. Na hakikisha umeme hautakatika katikati ya kusasisha.

Pesa ya madabodi na DDR5 ambayo hukuitumia, yote peleka kwenye kadi. Tafuta yenye NVENC, enkoda ya kadi za Nvidia, ya kuanzia kizazi cha Turing, kile cha 2018: GTX 1660, RTX 2060, RTX 3050, chochote kati ya hizo kitakachokubaliana na mfuko wako. Jihadhari na GTX 1650 ya kawaida, maana ilitoka 2019 na NVENC ya kizazi cha nyuma, ila 1650 Super iko sawa. Kubana video kunafanyika kwenye kipande chake cha pembeni ndani ya kadi, gemu inapoteza fremu chache tu, na prosesa inabaki na shughuli zake. Viini 8 ningekuunga mkono kama ungeniambia unataka kurusha kwa x264, ile enkoda ya programu inayobana video kwa prosesa, au unahariri video kila siku. Wewe hata ile video ya harusi bado hujaihariri.

Najua utaniambia AM4 imefika mwisho wa njia na AM5, soketi mpya inayoifuata, ina maisha marefu mbele. Kweli kabisa. Kama ungekuwa unaanza bila kitu, ningekwambia utazame Ryzen 5 7600, au Core i5-12400F kwenye madabodi ya DDR4. (Hiyo F maana yake haina grafiki ndani, na Quick Sync, enkoda ya Intel, nayo inakwenda na maji.) Lakini wewe huanzi bila kitu, ndugu yangu. Una nusu ya mashine tayari, unataka kuitupa.

Tena Twitch, ule mtandao wa kurushia gemu, wanashauri takribani kbps 6000 kwa 1080p ya fremu 60. Hiyo ni kasi ya kupakia, siyo ya kupakua ambayo unajisifia. Tukiongea kwa video uso wako unaganda mdomo wazi, kwa hiyo pima kwanza. Intaneti ikishindwa, hata viini 16 havitakuokoa, na itabidi urushe 720p kwa kbps chache zaidi.

Sasa nijibu. RAM zako ni vijiti viwili au kimoja? Kama ni kimoja cha GB 16, si ungetafuta cha pili kinachofanana nacho kabla ya kuwaza DDR5? XMP, ule mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili, umewahi kuiwasha kwenye BIOS, au zinakwenda kwa kasi ileile ya siku ya kwanza? Pawa saplai ni ya wati ngapi, na ile harufu ya kuungua uliyoniambia iliisha? Utarusha gemu gani hasa, zile za kulenga shabaha au yale malori yako? Na ile 1600 ukishaichomoa utaipeleka wapi? Nauliza kwa sababu binamu ana madabodi ya B350 imekaa bure bila prosesa, na nimeshamwambia nitamwombea kwako. Usimpe Kipara.

Nipigie kabla ya Ijumaa, muuzaji hajakuzungusha.

Ni mimi wako,
Fundi asiyelipwa