Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024 (Columbus, Ohio)

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Hesabu za chama na mfuko wa misiba atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia jambo lililotushughulisha mwaka mzima: haki ya wananchi wa Ohio kupeleka hoja yao moja kwa moja kwa wapiga kura bila kusubiri Bunge la jimbo.

Haki hii imo katika katiba ya Ohio tangu 1912, na si rahisi kuitumia. Anayetaka kurekebisha katiba hukusanya sahihi zinazolingana na asilimia 10 ya kura za ugavana zilizopita, yaani zaidi ya 413,000, kutoka angalau kaunti 44 kati ya 88. Agosti 2023 wapiga kura waliletewa pendekezo la Bunge kwamba sahihi zitoke kaunti zote 88, na marekebisho yapite kwa asilimia 60 badala ya wingi wa kawaida. Asilimia 57 wakakataa, na nashukuru walikataa. Novemba ya mwaka huo huo hoja za kulinda haki ya uavyaji mimba na kuhalalisha bangi zilipita, na wengi wetu, kanisani na msikitini, hazikutupendeza. Chama hakikuchukua upande katika hizo wala hakitachukua. Lakini mlango ukifungwa kwa sababu ya hoja tusizozipenda, siku tukiwa na yetu tutaukuta umefungwa.

Panapohitaji marekebisho ni pengine. Novemba 2024 ilikuja hoja ya kuwaondolea wanasiasa kazi ya kuchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi na kuikabidhi tume ya wananchi 15. Bodi ya Kura, inayoongozwa na Katibu wa Jimbo, ikaandika kwenye karatasi ya kura kwamba tume hiyo italazimika kuchora mipaka kwa upendeleo, kinyume kabisa cha walichokusudia waliokusanya sahihi. Majaji 4 kati ya 7 wa Mahakama ya Juu ya Ohio wakayaacha maneno hayo, na hoja ikaanguka. Baadhi yenu mliniambia mliisoma karatasi mara mbili na bado hamkujua "ndiyo" ni ndiyo ya nini. Kamati inaomba tuunge mkono kazi ya kuandika maneno hayo ipewe watu wasio wa chama chochote cha siasa, na kwa lugha nyepesi.

La pili linatugusa wenyewe. Sheria iliyotiwa saini Juni 2024 inawakataza wasio raia, hata wenye grini kadi, kuchangia kampeni za hoja hizi. Jaji wa shirikisho aliizuia kwa wenye grini kadi, lakini Oktoba mahakama ya rufaa ikaruhusu itumike huku kesi ikiendelea. Mwenye grini kadi huyo huyo sheria ya shirikisho inamruhusu kumchangia mgombea urais! Hii si haki, na tutaendelea kulisema hili kwa wabunge wetu.

Hadi hapo, nawasihi: asiye raia asichangie hata senti, na asitie sahihi karatasi ya hoja anayoletewa mlangoni au dukani, hata akiambiwa haina shida. Mtia sahihi lazima awe raia aliyejiandikisha kupiga kura. Kudanganya hapo ni kosa la jinai, na linaweza kumharibia mtu makaratasi yake ya uhamiaji.

Nanyi mliokwisha kuapa uraia, kila mnapohama badilisheni anwani ya uandikishaji, maana sahihi yenye anwani isiyolingana hufutwa. Fomu anazo katibu, na baada ya mkutano atabaki hapa kuwasaidia kuzijaza.

Mwenyekiti