Elibariki, usinunue kile kisu cheusi

Moshi, Jumatano usiku

Ndugu yangu Elibariki,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako nilimwona Jumapili kanisani, mguu umepona, na dawa ulizotuma zimefika. Vuli imechelewa, kahawa imeanza kusinyaa. Habari za Joachim na lile shamba la Kirua nitakuandikia nikitulia. Kwanza tumalize hili la kisu, maana picha zako zimeninyima usingizi na umesema unalipia Ijumaa.

Wazo lenyewe ni zuri mno. Tangu Mzee Aminieli aseme kwamba msimu huu ndio wa mwisho kupanda mlima Kilimanjaro na wageni, kila mtu anauliza tumpe nini, na wewe uliye mbali kuliko wote ndiye uliyekumbuka kwamba yule mzee bila kisu mfukoni hajihesabu kuwa amevaa. Lakini kile cheusi, kaka, chonde chonde, kiache dukani.

Wapenzi wa visu vya kukunja wanabishana juu ya kila kitu: chuma gani, mpini gani, loki gani. Waonyeshe hicho chako, ubishi utakwisha. Yale wanayoyalalamikia kwenye visu kumi, wewe umeyapata kwenye kimoja. Nusu ya makali ni meno, ncha imekatwa pembe, springi inarusha ubapa nje, kitako kina msumari wa kuvunjia kioo cha gari, na ubavuni kuna ndoano ya kukatia mkanda wa gari. Mzee hana gari. Hivyo viwili vya mwisho vitamchoma paja kila akikaa, basi.

Nianze na meno, kwa sababu ndiyo yanayoniuma zaidi. Kisu chenye meno mwanzo hadi mwisho kina kazi yake. Mabaharia wanakipenda kwa kamba, na kwenye kamba ya katani kinakwenda vizuri kweli. Kisu chenye makali laini nacho kina kazi yake. Hiki cha nusu kwa nusu kinakunyima vyote viwili. Meno yamewekwa karibu na mpini, na pale ndipo mkono una nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote ya ubapa, ndipo unapobana unapochonga kijiti au kukata kitu kigumu. Kwa hiyo sehemu bora imekwisha kuchukuliwa. Halafu meno hayo kwa kawaida yamechongwa upande mmoja tu, ukikata kitu kinene kisu kinakwenda mshazari. Na yakiwa butu, kinoo cha kawaida hakiyawezi, kwa sababu kinoo ni bapa na meno yana mabonde. Unahitaji kijiti chembamba cha kunolea, uingie bonde moja baada ya jingine. Huko Houston kijiti hicho utakipata. Mzee akipate wapi, na kwa nini ahangaike?

Unamkumbuka akinoa? Jumamosi jioni, kile kinoo chake kilicholika katikati, anakimwagia maji kidogo kutoka kwenye kikombe cha bati. Anauweka ubapa chini karibu ulale kabisa, kidole cha shahada juu, anasukuma polepole kuanzia kitako hadi ncha na kuinua kiwiko kidogo anapofika kwenye tumbo la kisu, pale makali yanapopinda kuelekea ncha. Hazungumzi. Akimaliza anapitisha makali kwenye nywele za mkono, zikidondoka anafuta ubapa kwenye suruali na kuukunja. Sasa mpe mtu huyo kisu chenye meno nusu na ncha ya pembe, halafu uniambie kiwiko akiinue wapi.

Hiyo ncha ya pembe nayo. Wanaiita tanto, mtindo ambao kampuni ya Cold Steel ya Marekani iliueneza sana miaka ya 1980. Hoja yake ni kwamba ncha inakuwa nene, haivunjiki ukichoma kitu kigumu. Sawa. Lakini sisi tunachoma nini? Mzee anamenya embe, anakata nyama ya mbuzi, anapasua kifungashio cha biskuti, anakata plasta ya kubandika kwenye lengelenge la mgeni. Kazi zote hizo zinataka tumbo, ule mviringo unaoteleza juu ya kitu. Tanto haina tumbo, ina mistari miwili iliyokutana kwenye kona, na kila mstari unanolewa peke yake.

Na unene! Uliniandikia kwa fahari kwamba ubapa ni milimita 4. Elibariki, huo ni unene wa kubandulia mbao. Kuna mgeni aliniachia kisu cha namna hiyo hiyo, wakati ule nikiwa msaidizi wa kiongozi, nikakishusha jikoni kwenye kambi ya Horombo, kule mlimani, nimsaidie mpishi. Karoti hazikukatika. Makali yaliingia kidogo, kisha mwili wa kisu ukazipasua kwa mlio, pah, vipande vikaruka chini. Mpishi alinitazama tu. Opinel ya Wafaransa, ile namba 8, ubapa wake haufiki milimita 2, na inateleza ndani ya karoti bila sauti. Siku hizi kila nikimwona mtu anasifia unene wa kisu cha mfukoni, namuuliza kama amewahi kukata nacho chakula.

Springi siigombi sana. Wapo wanaoipenda, na fundi Ken Onion aliyeibuni ile ya kampuni ya visu ya Kershaw alikuwa anajua alichokuwa anafanya. Ila hata Kershaw Leek, kisu chembamba, kizuri, chenye chuma cha kuaminika, wapo wanaokikataa kwa sababu ncha yake ni nyembamba kupita kiasi na huvunjika, na wengine kwa sababu hawataki kisu kinachojirusha chenyewe. Mzee anapenda kufungua kisu taratibu mbele ya wajukuu. Muache afungue taratibu.

Picha ya pili, kile cha chuma kitupu chenye matundu mpinini. Huo mtindo maarufu wake ni Gerber Paraframe, na nimeona watu wengi wanautaja wakiulizwa kisu kisichowavutia. Matundu yanakusanya vumbi na nyuzi za mfukoni, mpini unateleza mkono ukiwa na mafuta ya nyama. Mimi naongeza la kwetu: baridi. Shika mpini wa chuma kitupu pale kambi ya Kibo saa sita usiku kabla ya kupanda kileleni, vidole vinaganda. Mbao na plastiki hazikufanyii hivyo. Najua mzee hatapanda tena, lakini asubuhi za Marangu mwezi wa saba unazijua, na yeye anaamka kabla ya jogoo.

Ya tatu, kile chenye michirizi ya mawimbi, ndicho kilichonidanganya macho dakika moja. Kisha nikakuza picha. Michirizi ni ileile pande zote mbili, na inakatika ghafla kabla ya kufika kwenye makali. Chuma cha matabaka ya kweli hufuliwa na kukunjwa, na michirizi inaingia hadi ndani. Hicho kimechorwa juu. Kinoe mara kadhaa, urembo utaanza kufutika. Tena tazama maandishi pale chini: “440” peke yake. Chuma cha 440 kina A, B na C, na tofauti yao ni kubwa. C ina kaboni takriban asilimia 1, ndiyo inayoshika makali. A ina kama theluthi mbili ya hiyo. Mtengenezaji aliyetumia C hawezi kuacha kuandika C. Akiacha herufi, jihesabie mwenyewe. Na hilo neno “rostfrei” la Kijerumani ni kusema tu kwamba hakishiki kutu.

Usije ukadhani nakataa kitu kwa sababu ya sura. Kampuni ya Spyderco wana visu ambavyo mtu akiviona mara ya kwanza anashangaa, nundu mgongoni na tundu la duara katikati yake. Sal Glesser, mwanzilishi wao, alianza nayo mwaka 1981 kwenye kile kilichoitwa Worker. Lakini tundu lile ni la kidole gumba, unafungua kwa mkono mmoja hata ukiwa na glavu nene. Nimelitumia kwenye theluji. Ubaya wa namna hiyo nauheshimu, kwa sababu kuna mtu alikaa akafikiria mkono. Lakini niambie ni mkono gani uliofikiriwa na yule aliyetengeneza Cold Steel Espada ile kubwa, kisu cha kukunja chenye ubapa wa sentimita 19 hivi. Mfuko gani huo?

Sasa jambo ambalo lazima tulitazame. Kisu cha mzee mwenyewe, alichorithi kwa baba yake, ni Okapi. Wapenzi wengi wa visu wa huko uliko wakikishika watakirudisha mezani. Ubapa unacheza, mpini ni mbao isiyopigwa msasa vizuri, na ile pete ya mgongoni unaivuta mpaka kidole kinauma ndipo kikubali kukunjika. Afrika Kusini kina jina baya kabisa kwa sababu ya wahuni waliokitumia vibaya. Kilianza Ujerumani mwaka 1902, kikitengenezwa kwa ajili ya makoloni yao huku Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa KwaZulu-Natal. Ukikipima kwa vigezo vya wapenzi, kimeshindwa karibu kila mahali. Lakini ubapa wake ni mwembamba, makali ni laini mwanzo hadi mwisho, na chuma chake ni cha kaboni, kinashika kutu ukikizembea ila kwenye kinoo kinapokea makali upesi. Mzee amekinoa mpaka kimebaki nusu ya upana wake. Ndiyo maana nakushikilia hivi. Mtu aliyezoea hicho atapokea kile cheusi kwa adabu, atashukuru, atakifunga kwenye kitambaa, na kitabaki kabatini.

Kwa hiyo naomba hivi. Mnunulie Opinel namba 8, ile ya chuma cha kaboni, si ile isiyoshika kutu. Familia ya Opinel ilianza nazo mwaka 1890 kule Savoie, milimani kama sisi, na ile pete ya kufungia ubapa iliongezwa 1955. Ina kasoro moja wanayoisema wengi nao wana haki: mpini wa mbao ukilowa unavimba na ubapa unagoma kutoka. Kwenye msitu wa kambi ya Mandara wakati wa masika ingemsumbua. Nyumbani, hapana, na wenyewe wa Savoie wana dawa yake, wanagonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, ubapa unachomoza. Mafuta kidogo ya kula kwenye mbao yanasaidia pia.

Ukiona Opinel ni nyepesi mno kwa zawadi ya heshima, basi Buck 110, kisu cha kukunja cha Wamarekani. Hiyo iko tangu 1964, ina shaba pande mbili na mbao katikati, gramu 200 na kitu. Walio wengi huilalamikia uzito, na kweli mfukoni inavuta suruali, lakini ina ala yake ya kuvaa mkandani na mzee anavaa mkanda kila siku. Mimi bado nasema Opinel. Bei yake ni ndogo kuliko ya kile cheusi, na pesa itakayobaki nunua kinoo kipya cha pande mbili, upande mmoja wa chembe kubwa, namba 1000, mwingine wa chembe laini, 6000. Kile chake kimelika mno, na hakuna aliyewahi kumnunulia kingine.

Usisahau, kisu kiende kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi, wasije wakakunyang'anya uwanjani.

Sasa nijibu haya. Umeshalipia kitu chochote? Kama umelipia, wanarudisha pesa ndani ya siku ngapi? Unafika tarehe ngapi Desemba, na unatua KIA au unapitia Dar kwanza? Tumkabidhi mzee siku ya Krismasi nyumbani kwake, au tungoje wale wagumu wa zamani, wapagazi wa mlimani, wakusanyike mwaka mpya kwa Mama Neema? Na jina lake tuliandike kwenye mpini? Mbao ya Opinel inachomeka vizuri kwa waya wa moto, Joachim anajua kuandika. Wewe ungependa aandike nini?

Nijibu kabla ya Ijumaa, hata usiku wa manane nipigie.

Wako,
Godlisten