Shukrani kwa mama wa kitanda cha dirishani

Dada yangu, jina lako sikulishika. Ulikuwa na mtoto wako kifuani na bado ukapata muda wa kunihangaikia mimi. Mwanangu alizaliwa njiti, hata kilo 2 hajafika, nikaogopa kumgusa. Wewe ulimwachia nepi, kofia na soksi tu, ukamlaza wima katikati ya matiti yangu, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, uso ukiwa pembeni apate hewa. Kisha ukatufunga kwa kanga, ukingo wa juu ukaishia chini ya sikio lake. Joto langu likawa ndilo lake.

Na ile dang'a, maziwa yangu ya kwanza baada ya kujifungua! Ndugu walisema ni maziwa machafu, yakamuliwe yamwagwe. Ukawajibu kwa adabu (jicho lako lilisema mengine) kwamba hiyo ndiyo kinga yake ya kwanza. Kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kunyonya, ukanifundisha kukamua kwa mkono na kumnywesha kwa kikombe kidogo, taratibu, bila kummiminia.

Sasa ananyonya mwenyewe, tena kwa fujo. Ukisoma hapa jitokeze basi, bibi yake ameshakuwekea kuku.