Mwanangu, waache wakuhudumie

Tumsifu Yesu Kristo mwanangu.

Nimeona nikuandikie manake tangu umpoteze mtoto kwenye uzazi, kwenye simu kila nikiuliza unasema niko sawa mama, alafu tunahamia kwenye mvua na bei ya sukari mpaka vocha inaisha. Hii utaisoma ukiwa peke yako na hamna mtu atakulazimisha kujibu hapo hapo. Mumeo kaniambia, na usimkasirikie, nimembana mimi. Kasema wale mama wa jumuiya walirudi tena Jumamosi na hotpoti ya mtori na chupa ya chai, ukamtuma dada awaambie umelala, na hukuwa umelala. Nikamuuliza kwanini, akanyamaza kidogo ndo akasema kwamba mara ya kwanza walivyokuja kuna mmoja aliuliza hapo hapo mlangoni kama mtoto mlimuwahi na ubatizo.

Sasa naanza na hilo kwa sababu najua ndo linakukosesha usingizi kuliko kidonda cha oparesheni.

Siku ile ile nilivaa kanga nikapanda mpaka parokiani, nikamkuta paroko ndo anatoka kula, nikamwambia baba samahani lakini hili siwezi kulala nalo. Hakuharakisha. Aliingia ndani akatoka na Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa, akanifungulia namba 1261 akaniambia soma mwenyewe. Imeandikwa kwamba watoto waliokufa bila ubatizo Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, yule Mungu anayetaka watu wote waokolewe, na imetajwa ile habari ya Yesu kusema waacheni watoto wadogo waje kwangu, kwamba kwa hiyo tunaruhusiwa kutumaini kuna njia ya wokovu kwa ajili yao. Akaniambia tena mwaka 2007, wakati wa Papa Benedikto wa 16, wanateolojia wa Kanisa walitoa waraka mzima juu ya jambo hili moja tu, na walichofikia ni kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa watoto hawa wanaokolewa. Na zile habari za limbo tulizokuwa tunasikia sisi tukiwa wadogo, sijui mahali pa pembeni ambapo mtoto hamuoni Mungu, akasema hiyo haijawahi kuwa fundisho la lazima la imani, ni mawazo ya wanateolojia wa zamani waliokuwa wanajaribu kujibu swali gumu. Hata kwenye sheria za Kanisa kuna kifungu, mtoto ambaye wazazi walikuwa na nia ya kumbatiza akafa kabla, askofu wa mahali anaweza kuruhusu azikwe kwa ibada. Kwa hiyo nia yenu inahesabika. Nyie mlishamtafuta mpaka msimamizi wa ubatizo, mimi ni shahidi.

Neno alilotumia paroko ni tumaini na sitaki kukuongezea chumvi. Ila ni tumaini la Kanisa zima, si la mama yako tu anayetaka uache kulia. Mtoto wako alizaliwa hana pumzi, hamna mtu yeyote pale leba angeweza kuwahi chochote, na Mungu anajua hilo kuliko yule mama wa mlangoni.

Na huyo mama, mwanangu, swali lile halikuwa la kuulizwa. Sitamtetea. Wapo na wengine watakaokuja waseme utapata mwingine, wengine watasema Mungu kampenda zaidi, kama vile wewe hukumpenda vya kutosha, yaani watu wakiona msiba wanaogopa ukimya wanaokota neno lolote wanalipachika. Ukisoma Ayubu utaona wale rafiki zake watatu walianza vizuri sana, walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, hakuna aliyemwambia neno kwa jinsi walivyoona maumivu yake ni makubwa. Walipofungua midomo ndo wakaharibu. Lakini zile siku 7 zilikuwa za kweli. Mimi huwa nawaambia akina mama wa huku, tukifika msibani tuige Ayubu sura ya 2 tu, hizo sura nyingine za kubishana tuwaachie wenyewe.

Ila kwa sababu ya mdomo mmoja usiwafungie wote.

Kuna kitu nadhani hukijui kwa sababu ulikuwa bado wodini. Siku ya kumzika mtoto mumeo hakwenda peke yake. Unajua mtoto wa hivyo mara nyingi anazikwa kimyakimya, wanaume wawili watatu asubuhi basi imeisha, hata kukaa matanga hamna. Wanaume wa jumuiya yenu walienda wengine wakiwa na nguo za kazi, wamechelewa makazini kwao, ndo waliochimba, na yule mzee mwenyekiti alisimama na mumeo kamshika mkono mpaka mwisho. Mumeo alivyokuwa ananisimulia alishindwa kumalizia. Hao ndo ambao wake zao walikuja na mtori ukasema umelala.

Nakujua mimi mwanangu. Tangu uko mdogo wewe ni mtu wa kubeba. Misiba ya wenzio wewe ndo wa kwanza kukaa chini na kisu na gunia la vitunguu, wewe ndo unaandika michango, wewe ndo unajua nani anaumwa na nani hajalipiwa ada. Nafurahi kuwa na mtoto wa hivyo, nilimuomba Mungu. Lakini sa hivi umekuwa wewe ndo mgonjwa na nakuona unavyohangaika, hujui mikono uiweke wapi. Ulishawahi kuniambia mama kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe, na kweli ipo, Wagalatia 6 mstari wa 5. Panda juu kidogo tu, mstari wa 2, imeandikwa mchukuliane mizigo. Ni barua moja na sura moja.

Nikwambie habari ya lile beseni, sijawahi kukusimulia manake ulikuwa bodingi. Baba yako alivyopata kiharusi, ile miezi ya mwanzo alikuwa hawezi hata kugeuka, mashuka nafua asubuhi nafua jioni. Na mimi wakati huo ndo mwenyekiti wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, hapa kigangoni, kazi yangu ni kutembelea wagonjwa, mimi ndo nagawa sabuni na sukari, nina daftari kabisa la watu wetu wa kusaidiwa. Sasa siku moja alikuja mama mmoja mjane wa huku bondeni, jina lake lilikuwemo kwenye daftari langu. Kaja mikono mitupu, hajabeba hata yai, akasalimia akapita moja kwa moja uani akainama akashika beseni la mashuka. Nikalishika na mimi upande wa pili. Unaelewa yale mashuka yalikuwaje, sihitaji kusema. Nikamwambia mama acha nitafua mwenyewe, akasema niachie, na mimi nina mikono. Tumesimama pale wawili tumeshikilia beseni kama watoto wanagombania kitu, mpaka nikaliachia, akaenda nalo mferejini.

Mwanangu kile kitendo cha kuliachia kilinigharimu kuliko sabuni zote nilizowahi kugawa. Ukiwa unatoa wewe uko juu kidogo hata kama hutaki, unaenda saa unayotaka unaondoka saa unayotaka, nyumba yako wewe haionwi na mtu. Ukipokea unaonwa, mashuka yako yanaonwa. Watu wanasema kutoa ni moyo usambe ni utajiri, ni kweli, lakini hata kupokea kunataka moyo tena pengine mkubwa zaidi. Yule mama alirudi tena na tena mpaka baba yako akafariki, na baada ya hapo tukikutana njiani alikuwa ananisimamisha ananieleza mambo ya watoto wake, ananikosoa hata, kitu ambacho kabla ya beseni asingethubutu. Alikuwa amepata nafasi ya kutoa.

Unaikumbuka ile Injili ya Alhamisi Kuu, Yohana 13, Yesu anawaosha wanafunzi wake miguu. Kila mwaka tunahubiriwa tuoshane miguu na wote tunatoka tumeamua kwenda kuosha ya watu. Hatumwangalii Petro. Petro hakukataa kuosha, alikataa kuoshwa, na ukimuangalia ni kama ana heshima kabisa, Bwana wewe unioshe mimi! Yesu akamwambia kama nisipokutawadha huna shirika nami. Neno zito hilo. Halafu rudi nyuma sura moja tu, ya 12, kule Bethania siku 6 kabla ya Pasaka, Mariamu kachukua marhamu ya nardo ya bei kubwa, Yuda anapiga hesabu kwamba ni dinari 300 hizo zingepewa maskini, Mariamu anaipaka miguu ya Yesu anaifuta na nywele zake, na Yesu katulia. Hakuvuta miguu. Hakusema jamani msisumbuke. Akasema mwacheni. Yaani yule aliyejifunga kitambaa akainama kuwaosha wenzie, miguu yake mwenyewe ilikuwa imeshashikwa na mtu siku chache kabla, na aliruhusu.

Ukianza kumuangalia hivyo utamuona kila mahali. Ameomba maji kwa mwanamke Msamaria. Mashua aliyofundishia ni ya Simoni, punda wa kuazima, chumba cha karamu cha watu, na Luka 8 inawataja akina Yoana na Susana waliokuwa wanamhudumia kwa mali zao. Kule Gethsemane aliwaomba watu watatu wakae naye macho, wakalala, na bado alikuwa amewaomba. Msalaba wenyewe walimtwisha Simoni wa Kirene. Mpaka kaburi ni la Yusufu wa Arimathaya. Huyo ni Mwana wa Mungu. Sasa wewe mwanangu kidonda cha oparesheni hakijakauka na unataka ubebe mwenyewe.

Na Papa Fransisko je, wewe si ndo ulinitumiaga zile picha. Mwaka 2013, wiki chache tu baada ya kuchaguliwa, Alhamisi Kuu alienda gereza la vijana pale Roma akaosha miguu ya wafungwa 12, wamo mabinti na wamo Waislamu, watu wakasema sana. Mwaka 2019 akapiga magoti akabusu viatu vya viongozi wa Sudani Kusini akiwasihi waache vita, mzee yule na goti lake bovu. Sote tulimpenda kwa hizo picha. Mimi lakini picha inayonikaa moyoni ni ya Alhamisi Kuu yake ya mwisho, 2025, ametoka kuugua vibaya, anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na bado kaenda gereza la Regina Coeli pale Roma. Aliwaambia mwaka huu siwezi kuwaosha miguu. Hakuacha kwenda kwa sababu hawezi. Alienda hivyo hivyo akiwa wa kusukumwa na watu, mbele ya kamera, akakaa nao. Jumatatu ya Pasaka akafariki. Ule unyenyekevu wa kupiga magoti na huu wa kukubali kusukumwa mimi naona ni mmoja, ila huu wa pili hatuupigii makofi.

Sasa mambo ya nyumbani. Wewe ni mzazi, hata kama hamna mtoto wa kumbeba wewe ni mzazi na mwili wako unajua hivyo. Mumeo kasema maziwa yanakuja na unajifungia bafuni kulia. Wale mama wanajua hayo mambo kuliko mimi nikueleze kwenye simu, na nakuhakikishia humo humo kwenye jumuiya yupo ambaye amepita hapo hapo na hajawahi kumwambia mtu, anasubiri umfungulie ndo na yeye aseme. Ukimya wa pamoja nao ni sala, huhitaji kuongea. Waambie kabisa, leo msinipe maneno, tusali rozari tu, wataelewa. Na ukishindwa hata kusali usijilazimishe, kaa tu katikati yao wao wasali, zile Salamu Maria zao zinakuhesabia na wewe. Mimi nilipofiwa na baba yako kuna muda mrefu sikuwa na sala kabisa, nilikuwa naazima ya watu. Ndo maana Mungu hakutuweka mmoja mmoja.

Simpigii mwenyekiti wala simtumii meseji yule mama wa mtori, ingawa namba yake ninayo. Hilo ni lako. Mtumie wewe, hata uandike mama Jumamosi njooni, inatosha. Yule aliyeuliza swali la ubatizo akija naye mruhusu akae, mkiwa na nguvu siku nyingine mtaongea, na ukipenda msomee hiyo namba 1261 labda na yeye ana mtoto wake anamlilia.

Mimi nakuja wiki ijayo, nimeshamalizana na mtu wa kuniangalizia ng'ombe. Nabeba ndizi mshare kwa hiyo msinunue za huko. Mumeo asitume nauli, ipo.

Kingine, nimeenda kuandikisha nia ya misa ya Jumapili, kuwaombea nyie wazazi na kumkabidhi mtoto kwa Mungu. Paroko kakubali vizuri tu, akaniuliza mjukuu anaitwa nani ili amtaje kwa jina, nikakosa cha kusema kwa sababu hamkuwahi kutuambia, najua mlikuwa mnasubiri azaliwe kwanza. Kama kuna jina mlikuwa mmempangia naomba unitumie. Katibu wa parokia anafunga ofisi Ijumaa saa 10 jioni.

Mama yako