Herufi moja ilimweka binti yetu nyumbani mwaka mzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wazazi na walimu wenzangu, hasa wa huku Kusini, wakati huu ambapo vijana wa kidato cha sita wamemaliza mtihani na wako nyumbani wanasubiri matokeo. Najua kila nyumba mazungumzo ni hayo hayo: atapata daraja gani, aombe chuo kipi, mkopo atapata au atakosa. Mimi nina neno kuhusu majina na vyeti, kwa sababu hapo ndipo sisi tulipokwama, na mkono uliotukwamisha ulikuwa wangu.

Mwaka 2010 nilikuwa nafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya kijijini kwetu, wilaya ya Newala. Januari ile kaka yangu alimleta binti yake kuanza shule, nikamwandika mwenyewe kwenye rejesta. Jina la baba nikaandika Hamis, kama tulivyozoea nyumbani. Sikuomba kadi ya kliniki wala sikuuliza cheti. Wazazi walikuwa wamejipanga hadi chini ya mkorosho, na walimu wa kuandikisha tulikuwa wawili. Mwaka uliofuata kaka alimfuatilia binti cheti cha kuzaliwa. Muuguzi kwenye kadi alikuwa ameandika Khamis, na cheti kikafuata kadi. Miezi michache baadaye kaka akafariki, usiku, nyumbani, tukamzika kesho yake alasiri.

Tangu hapo ile rejesta yangu ndiyo iliyozaa karatasi nyingine zote. Usajili wa darasa la saba ulinakili rejesta. Shule ya sekondari ikanakili ya msingi. Cheti cha kidato cha nne kikatoka na Hamis. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa sandukuni kwa wifi yangu, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na risiti za korosho, na hakuna aliyewahi kuviweka vyeti hivyo viwili mezani pamoja.

Julai 2023 matokeo ya kidato cha sita yalitoka. Binti alisoma CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, akapata daraja la pili, pointi 10. Wifi alipika pilau na majirani wakaja. Kesho yake tukaenda steshenari ya mjini, kwa sababu siku hizi mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja, si kwa njia ya mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu kama ilivyokuwa kabla ya mwaka 2017. Tuliomba vyuo vitatu, kila kimoja shilingi 10,000. Maombi ya mkopo shilingi 30,000. Ongeza kuchapa, kuskani, picha za pasipoti na nauli za kwenda na kurudi.

Hapo ningependa anayepanga tarehe hizi atusikie. Huku kwetu hela ni korosho, na minada ya korosho huanza Oktoba. Dirisha la mkopo hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati mkulima ameshaingiza kila alichonacho kwenye palizi na kupulizia mikorosho, na pesa yote bado iko juu ya mti. Shilingi 30,000 kwa mtu wa mshahara ni kitu kidogo. Kwa mjane mwenye mikorosho arobaini mwezi wa Julai ni kuomba mlango kwa mlango. Ada hiyo ingeweza kukatwa kwenye mkopo wenyewe kwa atakayeupata, na kaya maskini zilizomo TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya hizo, zikasamehewa kabisa.

Nirudi kwenye jina. Mfumo wa mkopo unaanza na namba ya mtihani ya kidato cha nne, na majina yanakuja yenyewe kutoka Baraza la Mitihani. Kisha unaambatanisha cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa aliyefiwa, cheti cha kifo cha mzazi. Kijana wa steshenari alitazama kioo, akatazama karatasi, akaniuliza, "Mwalimu, huyu baba yake ni Hamis au Khamis?" Nilijibu haraka kuwa ni mtu mmoja. Akasema kwa upole kwamba mashine haijui hilo.

Cheti cha mtihani tuliambiwa hakiguswi. Ikabidi tuende kwa wakili kuapa kwamba Hamis na Khamis ni mtu yule yule, kisha turudi wilayani kurekebisha cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kifo hatukuwa nacho kabisa. Tungekipata wapi? Kaka hakufia hospitali na hatukuchukua kibali cha mazishi. Miaka kumi na miwili baada ya kumzika, nilikaa kwenye benchi na wifi tukitafuta mashahidi waliokuwepo makaburini. Wawili kati ya waliombeba kaka nao walikuwa wameshafariki. Mtendaji wa kijiji wa wakati ule alikuwa amehamishwa, na wa sasa hakutaka kusaini jambo asilolijua, nami nisingetaka asaini. Siilaumu ofisi yoyote. Kila tuliyemkuta alikuwa anafuata utaratibu wake. Ila kila utaratibu una siku zake, na ukizijumlisha zinazidi siku za dirisha la mkopo.

Dirisha likafungwa. Chuo alipata, mkopo hakuwa nao, akabaki nyumbani.

Watu husema mwaka mmoja si kitu. Kwa msichana wa miaka ishirini kijijini ni kitu. Walikuja washenga wawili mwaka huo, na ndugu wa upande wa marehemu mama yetu waliona ni busara. Wifi alisimama imara, nami namshukuru hapa hadharani. Binti aliingia shambani, akapulizia dawa ya salfa mikorosho ya marehemu baba yake, akaona kwa macho yake jinsi ugonjwa wa ubwiriunga unavyokausha maua kwa siku chache. Alipoomba tena mwaka 2024 hakuomba alichoomba mwanzo. Aliomba kilimo, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Safari hii vyeti vyote vilikuwa vimekamilika tangu Machi. Alipata fedha ya chakula na malazi na sehemu kubwa ya ada.

Lakini nisiwadanganye wazazi kwamba jina likitoka kwenye orodha mambo yameisha. Kuna nauli ya kutoka Newala hadi Morogoro, kuna godoro, kuna ile sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifikia, na kuna majuma ya mwanzo kabla mwanafunzi hajasaini boom, yaani fedha ya kujikimu, shilingi 10,000 kwa siku, maana haimsubiri mtoto kituo cha basi. Wifi alikuwa ameshaanza kuongea na mtu wa kangomba amuuzie korosho kabla ya mnada kwa bei ya kutupa. Nilimzuia. Nilikopa kwenye vikoba vyetu shilingi 350,000, na tulipolipwa mnada wa pili nikarudisha. Ambaye hana shangazi kwenye vikoba anauza kwa kangomba, na mimi simhukumu.

Mimi mwenyewe mwaka 1983 nilipokwenda chuo cha ualimu nilipewa waranti ya safari. Niliionyesha kwenye basi nikapanda. Nilikuta kitanda na chakula mezani, na baba yangu hakutoa senti. Sisemi enzi zile zirudi, vijana wa leo ni wengi mno. Nasema tu kwamba kuna kipindi nchi hii ilifikiria hata nauli ya mtoto wa mkulima.

Wifi aliogopa pia neno deni. Aliniuliza, "Wakija kudai, si watachukua shamba?" Nilimweleza kwamba shamba halikuwekwa rehani, kwamba binti ndiye atakayelipa akishaajiriwa, kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara, na kwamba ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa inavimbisha madeni ya watu kila mwaka ilifutwa mwaka 2021. Alitulia. Nadhani wazazi wengi wana hofu kama hiyo na hawana wa kumuuliza, kwa hiyo wanamwambia mtoto aachane na mambo hayo atafute kazi.

Ombi langu kubwa naliweka kwa walimu wakuu na wakuu wa shule za sekondari. Cheti cha kuzaliwa na rejesta viwekwe pamoja mtoto anapoingia darasa la kwanza, kisha tena kidato cha kwanza, kisha mara ya mwisho kabla majina ya kidato cha nne hayajatumwa Baraza la Mitihani. Kabla ya hapo ni kufuta na kuandika upya. Baada ya hapo ni wakili, nauli na machozi. Na mtoto aliyefiwa na mzazi, mwalimu wa darasa amuulize mlezi wake mapema kama cheti cha kifo kipo. Swali hilo linauma, najua, nimelikwepa mara nyingi nikiwa darasani. Viongozi wa vijiji nao wawaambie wafiwa, hata kama ni wiki ya pili baada ya matanga, kwamba kifo kinaandikishwa. Sisi huku tunadhani vyeti vya kifo ni vya wenye nyumba za kurithi mjini.

Na vijana, naomba mtumie namba zenu wenyewe za simu mnapojaza maombi. Jirani yetu alipata vyuo viwili, akatakiwa athibitishe kimoja, na ile namba maalumu ya kuthibitisha ikatumwa kwenye simu ya mtu wa steshenari aliyekuwa ameshahamia Mtwara. Aliipata siku ya mwisho, saa moja usiku, baada ya mama yake kulia njiani.

Nimestaafu mwaka 2023, lakini mwalimu mkuu wa shule yetu ameniruhusu niende kila Jumatano. Wazazi wa darasa la kwanza wanaleta kadi za kliniki na vyeti, nasi tunasoma rejesta kwa sauti, jina moja moja, mzazi akifuatisha kwa kidole. Wadogo wa siku hizi wana bahati, wengi wameandikishwa bure kabla hawajafika miaka mitano. Hata hivyo kati ya watoto 41 tuliokwisha kuwapitia, tisa majina yao yalikuwa yanapishana. Mmoja alikuwa Khamis. Nimemwandika upya kwa kalamu ya wino, na K yake.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara.