Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Bodi ya Filamu: wanaosimulia mateso yao waonyeshwe filamu kwanza

Ndugu Katibu Mtendaji,

YAH: HAKI ZA WANANCHI WANAOREKODIWA KATIKA FILAMU ZA MAKALA

Ninakuandikia kutoka Arusha, mji ambao waandaaji wengi wa filamu za makala kutoka nje hufikia kabla ya kuelekea Mirerani, Ngorongoro, Loliondo au mitaa ya humu humu mjini. Mimi ni fundi sauti katika filamu za aina hiyo. Ombi langu ni moja: Bodi iweke katika masharti ya kibali cha kurekodi filamu kwamba kila mwananchi anayerekodiwa akisimulia mateso yake aelezwe, kwa lugha anayoielewa vizuri, picha na sauti yake vitatumikaje, na kwamba filamu ikikaribia kukamilika ataonyeshwa yeye na jirani zake, kwa Kiswahili, kabla watu wengine hawajaiona.

Sizichukii filamu hizi, na nisingefanya kazi hii kama ningezichukia. Kamera zimefikisha mbali habari za watoto walioshushwa kwenye mashimo ya tanzanite, wale walioitwa nyoka kwa sababu miili yao midogo ilipenya mahali ambapo mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanite, aliye mtu mzima hapenyi. Migogoro ya ardhi, ndoa za utotoni, vita vya nchi jirani na maisha ya wakimbizi ni mambo yanayostahili kurekodiwa kwa uaminifu na kwa muda mrefu kuliko taarifa ya habari inavyoweza.

Linaloniumiza ni namna mwenye msiba anavyotendewa. Niliwahi kuwa nimevaa vifaa vya masikioni, nimemfungia mama mmoja maikrofoni kwenye pindo la khanga, akieleza jinsi mwanawe alivyofukiwa shimoni. Alipofika pale pa kuitambua maiti akalia, na wakati huo huo bodaboda ikapita nje kwa kishindo. Mwongozaji akaomba arudie tangu alipoanza kulia, maana sauti ilikuwa imeharibika. Akarudia. Baada ya hapo akaletewa karatasi za Kiingereza, mkalimani akamwambia kwa kifupi kwamba ni za kukubali, akachovya kidole gumba kwenye wino akaweka alama. Filamu ilikwenda kwenye matamasha ya Ulaya. Mama huyo hajaiona hadi leo, na hajui ni maneno yake yapi yaliyobaki na yapi yaliyokatwa.

Ndugu Katibu Mtendaji, Arusha ni mahali ambapo ushahidi wa mateso umewahi kupokewa kwa uangalifu mkubwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015, ilisikiliza mashahidi wengi katika jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC) wakiwa nyuma ya pazia, wakitajwa kwa herufi badala ya majina, huku wakalimani wakitafsiri Kinyarwanda kwa ajili ya majaji. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari Septemba 2, 1998, wanawake walieleza ubakaji waliotendewa bila sura zao kutolewa hadharani. Baadhi yao walikuja kujitokeza kwa sura na majina yao katika filamu ya mwaka 2015, na walifanya hivyo kwa hiari yao, miaka mingi baada ya hukumu. Hiari ya namna hiyo haipatikani kwa karatasi ambayo mtu hawezi kuisoma, inayoletwa machozi yakiwa hayajakauka.

Najua wenzangu wataogopa kwamba ninawakabidhi maofisa mkasi mwingine, na hofu hiyo ina msingi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 tayari inaipa Serikali uwezo mkubwa wa kukagua na kuzuia. Pia tunakumbuka filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu sangara wa Mwanza, iliyokosolewa hadharani na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2006. Kilio kikubwa wakati ule kilikuwa kwamba jina la nchi limechafuliwa. Mimi sikuombi ulinde jina la nchi. Nchi ina watu wengi wa kuisemea. Afisa Utamaduni wa halmashauri athibitishe tu kwamba maelezo yalitolewa na onyesho lilifanyika, asiguse hata sekunde moja ya maudhui. Anayestahili kupinga picha yake ni mwenye picha, naye apewe nafasi hiyo kabla uhariri haujafungwa.

Kisingizio cha gharama hakina uzito. Tangu zamani mabanda ya video ya mitaa yetu ya Ngarenaro na Unga Limited yameonyesha filamu za kigeni huku mtu akizitafsiri kwa sauti yake, na watazamaji wakaelewa kila kitu. Kikosi kinachokodi magari ya porini kwa wiki nzima hakishindwi kulipia projekta na mtafsiri kwa jioni moja. Kuhusu ridhaa, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, na ibara ya 16 ya Katiba inamhakikishia kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na ya familia yake. Bodi ikikaa na Tume hiyo, fomu moja ya Kiswahili, fupi, ya kusomwa kwa sauti mbele ya kamera, inaweza kuandaliwa bila kusubiri sheria mpya.

Ninaomba, kwa hiyo, Bodi iitishe kikao hapa Arusha na mafundi, wakalimani, madereva na waratibu tunaoongozana na vikosi hivi, pamoja na wananchi waliowahi kurekodiwa. Wananchi hao wasemeshwe kwanza, na ikibidi kwa Kimaasai au Kimeru, akiwepo mkalimani anayelipwa na Bodi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi sauti wa filamu za makala,
Arusha