Somoe, mshono huo usiusubirie kapsuli

Mikindani, Mtwara

Somoe mpenzi,

Simu yako haipatikani tangu jana, kwa hiyo nimempa barua hii mdogo wangu anayepanda Newala na basi la asubuhi. Ujumbe wako umeninyima usingizi. Unasema mshono wa upasuaji wa kujifungua unauma kuliko wiki ile ya kwanza, unatoa maji ya njano yenye harufu, na jirani kakupa kapsuli za rangi mbili. Nakuomba urudi hospitali leo hii.

Maumivu ya mshono hupungua siku hadi siku. Yakirudi na kuzidi, kuna jambo. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute wekundu, mara nyingi hauonekani. Nawa mikono, weka mgongo wa kiganja pembeni ya mshono usikie kama pana joto, tazama kama ngozi imevimba na kung'aa. Ukiwa na homa, au damu ya uzazi inanuka, usisubiri hata basi, tafuta usafiri wowote, maana huenda hata mji wa mimba umeshapata maambukizi.

Hayo maneno kwamba umeponzwa na dagaa, au kwamba kuna mtu ana neno na wewe, yaache kabisa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016 kwamba hapa Afrika hadi wanawake 20 katika kila 100 wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Mara nyingi bakteria wenyewe hutoka kwenye ngozi ya mgonjwa. Tunaishi nao siku zote, wakipata upenyo wanaingia. Chupa ya uzazi ikikaa muda mrefu imepasuka kabla ya upasuaji, kama ilivyokuwa kwako, hatari huongezeka. Na maambukizi haya huweza kujitokeza wakati wowote ndani ya siku 30 baada ya upasuaji, hata wakati mtu alisharuhusiwa akiwa mzima.

Sasa hizo kapsuli. Usaha ukijifungia chini ya ngozi, dawa ya kumeza haiufikii vizuri. Watakufungua nyuzi kadhaa, usaha utoke, kidonda kisafishwe, kisha kiwe kinafungwa mara kwa mara mpaka kijae nyama kutoka chini. Najua utaogopa kukiona kiko wazi. Mimi nafunga vidonda kazini kila siku, Somoe, na kilicho wazi na safi hakinitishi. Kinachonitisha ni kile kilichobandikwa plasta juu ya usaha.

Usipasue kapsuli ukamwagia unga wake kwenye mshono, wala usiweke majivu. Funika tu kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi. Mtoto aendelee kunyonya, ila mwambie daktari unanyonyesha, achague dawa inayofaa. Samaki, mayai na kunde kula, mwili unavihitaji kujenga nyama mpya.

Beba karatasi ya ruhusa na pakiti ya kapsuli, waone umeshameza nini. Mama mkwe akisita, msomee barua hii, na umpe shikamoo yangu. Nauli anayo mdogo wangu, naye atabaki na watoto wakubwa mpaka urudi.

Wako,
Zuhura